Selotepu kwenye Kioo cha Kushoto

Mpwa wangu alipokuja Kianda kuniomba nimfundishe bunduki, nilifunga mlango kwanza, ndipo nikamwambia arudie kwa sauti ndogo. Nyumba zetu ni za mabati. Jirani akipiga chafya, mimi ndiye wa kumwambia pole. Na neno hilo kwetu Kibera halitamkwi ovyo. Mlio ukisikika, mama huwavuta watoto chini ya kitanda, na asubuhi watu huulizana ni kijana wa nani. Kwa miaka kumi na sita majirani walinijua kama mtunza bustani wa klabu moja nje ya mji, na sikuwasahihisha.

Bustani ndiyo iliyonipeleka pale, hilo ni kweli. Nilikuwa nakata nyasi. Klabu yenyewe ni ya watu wanaolenga sahani za udongo, ndogo kama kisahani cha chai. Mashine inazirusha hewani, na mwenye bunduki anajaribu kuzipasua kabla hazijaanguka. Siku moja aliyekuwa akipakia mashine aliugua, nikaambiwa nishike nafasi yake. Nikashika nafasi hiyo miaka mitano. Nilitazama nani anapiga, nani anakosa, na kwa nini anakosa, mpaka mwalimu mzee wa pale akasema nina jicho la kazi hii. Akanifundisha, nikafanya mtihani, nikapata cheti. Hivyo ndivyo mpangaji wa chumba kimoja Kianda alivyokuwa mwalimu wa shotgan wa mawakili na madaktari.

"Ni bunduki gani unataka?" nilimuuliza mpwa wangu.

"Hiyo yako ya kazi, anko. Shotgan."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna mtu amenituma. Ni kazi nimepata. Ama nitaipata, ukinisaidia."

Alikuwa na miaka ishirini na tatu, amemaliza chuo cha kilimo. Shamba moja la ngano, mbali huko baada ya Narok, lilikuwa linamtaka awe msaidizi wa msimamizi. Nguruwe pori na makundi ya ndege walikuwa wanaliharibu shamba hilo, na kila msimamizi alitakiwa kujua kuishika bunduki ya shamba bila kujiua wala kuua mtu. Mambo ya leseni shamba lingeyashughulikia na polisi. Yeye alitakiwa kuleta karatasi ya mwalimu inayosema amefunzwa na amehitimu.

"Na mwalimu ninayemjua ni wewe tu," akasema, akicheka.

Alicheka kama mama yake, akifunika mdomo kwa mgongo wa mkono. Sikuweza kusema hapana.

Mama yake alikuwa dada yangu mdogo. Tulikuja Nairobi kutoka ziwani tukiwa wawili, mimi na miaka kumi na tisa, yeye kumi na miwili, na mimi ndiye niliyemsomesha. Akaolewa Kawangware, katika familia ya wenyeji wa pale, watu wenye ploti, ardhi ya vyumba vya kupangisha, tangu zamani. Mume wake alikuwa mtu mpole, asiyesema mengi. Binti yao, huyu mpwa wangu, alipokuwa na miaka tisa, dada yangu alianza kulalamika tumbo. Alilalamika wiki tatu, mume akimpa dawa za dukani akisema itapita. Walipofika hospitalini ilikuwa imechelewa. Siku ya mazishi niliomba kipaza sauti, na mbele ya jeneza nikasema, "Huyu mtu ana macho ya kuona ploti tu. Mke wake amekufa mbele yake na hakumwona." Watu waliinamisha vichwa. Yeye hakunijibu. Tangu siku hiyo, miaka kumi na minne, mimi na shemeji yangu hatukusalimiana.

Mtoto ndiye aliyekataa kurithi ugomvi huo. Alipoanza chuo alianza kuja Kianda peke yake, kwanza mara moja kwa muhula, halafu kila mwezi, akiniletea parachichi za kwa babu yake.

Mwezi wa kwanza nilimfunza bila bunduki. Nilitoa mpini wa ufagio nikamkabidhi.

"Hii ni bunduki," nikamwambia.

"Anko, huu ni ufagio."

"Ukianza kusema ni ufagio, siku utakayoshika bunduki utasema haina risasi. Kuna watu wengi wako kaburini kwa hayo maneno mawili, haina risasi."

Basi akaushika. Nilimfunza kuwa mdomo wa mtutu haupiti mbele ya kitu ambacho hutaki kukiharibu, hata ukiwa unageuka kumwitikia mtu. Nilimfunza kulaza kidole kando mpaka wakati wa kupiga ufike. Nilimfunza kuuliza kila mara, hiyo sahani nikiikosa, nyuma yake kuna nini? Siku moja mke wa jirani alifungua mlango kuomba kiberiti, mpwa wangu akageuka kumsalimia na ncha ya ufagio ikapita tumboni kwa yule mama. Nikaurudisha ufagio ukutani, nikamwambia tuanze upya kabisa. Hakununa. Kufikia mwisho wa mwezi aliniambia baba yake ameanza kumtazama kwa wasiwasi, kwa sababu nyumbani anafagia akiwa ameubeba ufagio kama mayai.

"Anajua unakuja kwangu?" nilimuuliza.

"Anajua. Hukaa kimya tu. Lakini asubuhi ya siku ya kuja kwako huniamsha mapema nisichelewe."

Nikamwambia ainue kiwiko.

Kuna siku nilimsindikiza kurudi. Tulipanda kwa miguu kutoka Kianda hadi Ngong Road, tukashika Naivasha Road pale Dagoretti Corner, tukaingia Riruta Satellite, na hapo tukakaa kwenye kibanda cha chai kwa sababu mimi sikutaka kufika Kawangware penyewe. Alitaka kunimiminia chai. Akainua birika, akamimina nje kabisa ya kikombe changu, upande wa kulia. Chai ikatiririka mezani mpaka kwenye suruali yangu.

"Aki pole, anko! Sijui nimefanyaje."

"Na wewe ndiye unataka kupiga nguruwe pori?" nikasema, na tukacheka, na mama wa kibanda naye akacheka. Nilipangusa meza mwenyewe.

Jumamosi ya kwanza uwanjani alivaa viatu vya mpira na kofia ya baba yake. Nilimpa miwani ya kukinga macho na vya kuziba masikio, nikampa shotgan nyepesi ya mitutu miwili, ile inayokunjika katikati ili kila mtu aone kama imepakiwa. Alifanya kila kitu nilichomfunza. Alitembea nayo ikiwa imekunjwa, mkononi, mdomo ukiangalia chini. Hakuifunga mpaka alipofika kwenye kituo cha kupigia na mimi nikamruhusu. Nilimpa ganda moja tu la risasi, maana mwanafunzi hapewi mawili. Akaitia begani, akaweka shavu kwenye kitako, akaita "Puli!" kama tulivyozoea pale, na sahani ikaruka.

Bunduki ilimpiga teke akarudi nusu hatua. Sahani ikaenda zake. Akaikunja bunduki kabla hajasema lolote, akatoa ganda, ndipo akageuka na uso umejaa furaha.

"Anko! Hii kitu ina nguvu!"

Siku hiyo alipiga sahani moja kati ya kumi. Ilipasuka ikawa vumbi, naye akalia. Nilimwambia kwamba mwanasheria mmoja mashuhuri, ambaye sitamtaja, alihitaji Jumamosi tatu kufika hapo.

Lakini niliona kosa. Kila alipolenga, dakika ya mwisho aliinua kichwa kutoka kwenye kitako na kukilaza upande, kama kuku anayetazama punje. Hilo ni kosa la wanafunzi wengi na mimi ninayo dawa yake. Kila mtu ana jicho moja linaloongoza lenzake. Mtu anayepiga kwa bega la kulia, jicho lake la kulia ndilo linalotakiwa kuongoza. Nilimwambia anyooshe kidole kwenye msumari ukutani, macho yote mawili wazi, halafu afunge moja moja. Jicho lake lililoongoza lilikuwa la kushoto.

"Ni kawaida," nikamwambia. "Hasa kwa wanawake."

Nikachukua selotepu, nikakata kipande kidogo, nikakibandika kwenye kioo cha kushoto cha miwani yake. Ndivyo walimu wanavyofanya kila mahali. Jicho la kushoto likizibwa kidogo, la kulia linalazimika kufanya kazi. Nimebandika selotepu kwenye miwani ya watu wengi na wakaanza kupiga siku hiyo hiyo.

Yeye hakupiga tena hata sahani moja.

Jumamosi ya pili hakupiga. Ya tatu hakupiga. Nilibadilisha alivyosimama, nikabadilisha kitako, nikamwomba fundi wa mashine amrushie sahani za polepole, zile tunazowarushia watoto wa wanachama. Hakuna kitu.

"Tazama sahani, usitazame mtutu."

"Naitazama, anko."

"Huitazami. Ungeitazama ungeipiga."

"Naona kama ukungu. Labda miwani iko na vumbi."

Nilichukua miwani, nikaipangusa kwa shati langu, nikaiangalia kwenye mwanga. Ilikuwa safi. Nikamrudishia.

"Unaogopa teke ndiyo maana unafumba macho," nikamwambia.

"Labda," akasema.

Alisema labda kwa sababu mimi ni mkubwa wake. Nimelifikiria neno hilo sana. Mwanafunzi wa kulipa angebisha, angesema mwalimu hajui kazi, angeitupa ile selotepu. Yeye alinishukuru, akaenda nyumbani na kichwa kinamuuma, na Jumamosi ikifika alirudi. Kichwa kilikuwa kinamuuma kila asubuhi, hilo nililijua. Nilimwambia ni kishindo cha bunduki, anywe maji.

Jumamosi ya nne ndiyo nisiyoweza kuizungumzia bila kusimama kidogo.

Uwanjani kwetu kuna sheria moja isiyo na msamaha. Bendera nyekundu ikiinuliwa, kila bunduki inakunjwa na maganda yanatolewa, maana kuna mtu anakwenda mbele. Siku hiyo sahani zilikwama, na fundi wa mashine, mzee mwenzangu, akatoka kwenye kibanda chake cha zege upande wa kulia, ameinua bendera. Mimi nilikuwa nimeinama kuokota maganda matupu. Nikasikia sauti ya mpwa wangu, wazi na yenye ujasiri kama nilivyomfunza, ikiita "Puli!"

Niliinua kichwa. Bunduki ilikuwa begani, imefungwa, na fundi alikuwa anavuka hatua ishirini mbele, karibu kuingia kwenye mstari wa mtutu. Sijui nilifikaje. Niliusukuma mtutu juu kwa kiganja, nikaipokonya ile bunduki, nikaikunja, na ganda zima likaruka likaanguka kwenye nyasi.

Hakuwa amefyatua. Kidole kilikuwa bado kimelala kando, mahali nilipomfunza kukilaza, akingoja aione sahani.

"Ungeua mtu!" nilipiga kelele. Wanachama kwenye vituo vingine waligeuka. "Bendera kubwa kama shuka, hukuiona?"

"Sikuiona, anko."

"Mtu mzima anatembea mbele yako!"

"Sikumwona. Haki ya Mungu sikumwona."

Fundi mwenyewe alisimama pale na bendera yake, akisema, "Basi, mwalimu, basi, hakuna kilichotokea." Lakini hasira ya mtu aliyeogopa haina breki. Nikamwambia maneno ambayo nilikuwa nimeyahifadhi miaka kumi na minne kwa ajili ya mtu mwingine.

"Nilidhani una damu ya mama yako. Kumbe ni ya baba yako. Nyinyi hamwoni kitu mpaka mtu afe."

Alivua miwani. Akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza ya maganda, ikiwa na kipande changu cha selotepu. Akavua vya masikio akaviweka kando yake. Hakulia mbele yangu. Akatembea kuelekea getini, na pale kwenye nguzo ya geti niliona bega lake la kulia likigonga. Nilifikiri ni machozi.

Jioni hiyo nilijaza fomu ya shamba. Palipoulizwa kama amehitimu niliandika hapana, nikaweka sahihi. Kikazi nilikuwa sawa, na hata leo mtu asiyeona bendera nisingempa karatasi. Niliituma. Sikumpigia simu wiki ya kwanza kwa sababu nilitaka ajue uzito wa jambo lile. Wiki ya pili nilingoja yeye apige. Wiki ya tatu niliandika ujumbe wa kumsalimia, nikaufuta.

Wiki ya tano, adhuhuri, nikiwa naanika nguo, nilimwona mwanamume ameshika viatu mkononi akivuka mtaro mbele ya nyumba yetu, akiuliza watoto ninapokaa. Alikuwa amezeeka. Nilimtambua kwa ile kofia.

"Shemeji," akasema. Ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu mazishi. "Mtoto ameanguka."

Alikuwa ameanguka kwenye ngazi za duka pale Satellite, mchana kweupe, akatapika, akapelekwa hospitali. Walimpiga picha ya kichwa. Kulikuwa na uvimbe nyuma ya jicho la kulia, mkubwa kama ndimu, ambao daktari alisema umekuwa ukikua kwa muda mrefu.

"Wanasema jicho hilo lilikuwa limekufa karibu lote," shemeji akasema. "Miezi mingi. Mtu hajui, kwa sababu jicho lingine linamsaidia. Anajua tu siku lile zima likizibwa."

Alisema tu alivyoambiwa na daktari. Hakujua amenipiga wapi. Nilishika kamba ya nguo. Aliona, akadhani ni huzuni ya mjomba, akaweka viatu vyake chini, akanishika mkono na kunikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa. Shemeji yangu, ambaye nilimwambia mbele ya jeneza kwamba hana macho.

Tulikwenda pamoja. Mpwa wangu alikuwa kitandani karibu na dirisha, nywele zimenyolewa kwa ajili ya upasuaji wa kesho. Baba yake akaenda kumtafuta muuguzi, tukabaki wawili.

"Niaje anko," akasema.

Nilivuta kiti, nikakaa karibu naye.

"Si nilikuambia sikumwona," akasema. Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu aliyepata jibu la hesabu iliyokuwa inamsumbua. "Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuamini ni ujinga. Nilisema, kwani mimi ni mtu wa aina gani?"

"Nisamehe, mama," nikasema. Ndivyo nilivyokuwa namwita alipokuwa mdogo.

"Umefanya nini? Haukuniambia nipate uvimbe."

"Niliziba jicho lako zuri."

Nilidhani hakuwa amefikia hapo, na labda hakuwa. Mkono wake ulitambaa kwenye shuka mpaka ukanipata.

"Usimwambie baba ulichosema siku ile," akasema. "Hiyo ya damu. Ile ya mazishini tu ilimaliza miaka yake."

"Sitamwambia."

Upasuaji ulifanyika, na kwa wiki chache tulidhani tumeokoka. Alirudi Kawangware. Mimi nami nikaingia ile ploti kwa mara ya kwanza tangu mazishi, nikapita katikati ya vyumba vya wapangaji na nguo zao, mpaka nyumba ya mawe ya nyuma. Nilikwenda kila siku nisiyokuwa kazini. Shemeji alikuwa ananiandalia kiti kabla sijafika. Mpwa wangu aliketi kibarazani na kitambaa kichwani, jicho la kulia halioni tena kitu. Aliniuliza habari za fundi wa mashine, kama amemsamehe. Nilimwambia fundi anamsalimia na anamuombea, na ilikuwa kweli. Siku moja aliniuliza kama mtu wa jicho moja anaweza kufunzwa kupiga kwa bega la kushoto.

"Anaweza," nikasema. "Nimewahi kufunza mmoja."

"Basi nikipona tuanze upya. Na ufagio."

"Na ufagio," nikasema.

Shemeji alikuwa mlangoni anasikiliza. Alisema hata yeye atakuja, akae nyuma ya mstari mahali salama, atazame. Tulipanga hivyo kabisa, watu watatu wazima, na mvua inanyesha juu ya mabati ya wapangaji.

Uvimbe ulirudi kabla mvua haijaisha. Safari hii madaktari hawakutaka kumkata tena. Alipoteza jicho la pili, halafu maneno, na asubuhi moja ya Alhamisi baba yake alipokwenda kumpa uji akamkuta ameshaenda. Tulimzika nyuma ya nyumba ya babu yake, karibu na mama yake, mahali pekee katika ploti ile pasipojengwa vyumba. Kanisani waliniomba niseme machache kwa upande wa ujombani. Nilifika mbele, nikakitazama kipaza sauti, nikarudi kukaa.

Majirani zangu wa Kianda walikuja, wakaimba nyimbo zetu za ziwani, na watu wa Kawangware wakaimba za kwao. Hakuna aliyejua kwamba marehemu alifunzwa bunduki. Niliwasikia wanawake wakisema alikuwa msichana mwenye adabu sana, kwamba hata ufagio aliubeba kwa heshima.

Klabu ilinipa likizo ya wiki mbili. Nilikaa ndani. Siku ya kurudi kazini nilimkuta mwanafunzi mpya, mama wa makamo, anakosa sahani zote na kuinua kichwa. Nilishika selotepu mkononi kwa muda mrefu mpaka akaniuliza kama niko sawa. Nilimwambia aende kwa daktari wa macho kwanza, ndipo arudi. Alikasirika, akaomba mwalimu mwingine, akapewa.

Mwezi mmoja baada ya mazishi shemeji aliniita. Tulikaa sebuleni, mimi na yeye na picha mbili ukutani.

"Nataka kukuuliza," akasema. "Siku ile ya mwisho huko uwanjani mlikosana nini? Alirudi hapa akakaa siku mbili bila kula. Nilimuuliza mpaka nikachoka. Alisema ni uchovu."

Nilikuwa nimeahidi nisimwambie. Nilimtazama, mtu aliyevuka mtaro wetu na viatu mkononi, na nikaona kwamba nikikaa kimya nitakuwa nakula chakula chake kwa uongo siku zote zilizobaki. Labda nilikosea. Nilimwambia. Nilimweleza kuhusu selotepu na ukungu na kichwa kilichomuuma na chai ya Satellite. Halafu nikamwambia yale maneno ya damu, kama nilivyoyasema, bila kuyapunguza.

Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza jambo moja tu.

"Alikujibu nini?"

"Hakujibu. Alivua miwani akaenda."

Akainuka, akatoka nje. Nilimsikia akiongea na mpangaji mmoja habari za mfereji uliovuja, kwa sauti yake ya kawaida. Ilichukua muda. Aliporudi hakukaa kwenye kiti chake cha karibu na changu. Alikaa kile cha dirishani, akatazama nje upande wa makaburi.

"Alikuwa anakupenda," akasema. "Kuliko alivyonipenda mimi, nadhani. Hata leo sielewi kwa nini."

Hakusema amenisamehe, na sikumuomba. Tulikaa mpaka kengele ya kanisa la jirani ikalia, nikaaga.

Bado ninakwenda Kawangware Jumapili alasiri. Mara nyingine lango linafunguliwa, tunakaa, anazungumza juu ya mvua na bei ya mawe. Mara nyingine sauti yake inatoka ndani ikisema leo amechoka. Hapo nageuka narudi kwa miguu hadi Kianda, na Jumapili inayofuata nakwenda tena.